Sola juu ya vigae vya udongo, Malindi: kulabu zifungweje paa lisivuje?

Mkaazi wa Casuarina

Assalam alaikum wanajamvi. Nyumba iko Malindi upande wa Casuarina, kama mita 300 kutoka ufuoni. Paa ni la vigae vya udongo, vile vya Mangalore, vya zamani. Rafta ni mbao za 4 kwa 2 zilizopangwa kila sentimita 60, na juu yake pau za 2 kwa 2. Chini ya vigae hakuna karatasi wala nailoni; ukipanda darini mchana unaona mwanga kwenye mianya. Mteremko ni kama digrii 28. Paa lina pande mbili, moja yaelekea bahari, nyingine magharibi.

Nataka paneli 6 za wati 550, inverta ya kilowati 5 na betri.

Fundi wa kwanza aliyekuja kupima anasema atatoboa vigae, apitishe bolti mpaka kwenye mbao, kisha azibe kwa silikoni. Wa pili anasema kutoboa hapana, tutumie kulabu zinazopita baina ya vigae. Lakini kulabu aliyonionyesha ni bapa la chuma cha kawaida lililopakwa rangi ya fedha, na anataka kulifunga kwenye pau. Roho haijatulia kwa yeyote. Je, ni bolti au kulabu? Zinatakiwa ngapi? Upande upi wa paa? Na nyaya zitaingilia wapi?

---

Fundi Vigae

Waalaikum salaam. Wote wawili waage kwa heshima.

Kigae cha udongo hakibebi kitu, kazi yake ni kumwaga maji. Kinachobeba ni rafta. Ukitoboa kigae na kukaza nati juu yake, kigae ndicho kinachokandamizwa kila paneli inapotikiswa na upepo. Udongo uliochomwa haupindi, hupasuka, na ufa wenyewe ni mwembamba hata ukiwa umekichuchumalia hicho kigae huuoni. Utaujua mwezi wa Mei dari ikianza kuota madoa. Silikoni nayo hubanduka baadaye, hasa kwa kuwa udongo wa vigae vya zamani una vumbi na chumvi na silikoni haishiki juu yake vizuri. Ikishabanduka huwezi kuipaka upya bila kufungua paneli.

Kwa hiyo ni kulabu, lakini kulabu ya kweli: chuma cha pua, mkono wenye unene wa milimita 5 au 6 na upana wa 30 hadi 35, na kitako kipana chenye matundu mengi ili uchague pa kupigia skrubu. Kitako kinakaa juu ya rafta, SI juu ya pau. Upau wa 2 kwa 2 umeshikwa na msumari mmoja kwa kila rafta, na msumari ule ulipigwa ili vigae visiteremke, haukupigwa kuzuia kitu kisipeperuke.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Vigae vya Mangalore vimefumana, kwa hiyo sukuma cha juu kiingie chini ya mwenzake wa juu zaidi, kisha nyanyua kile unachotaka kutoa. Usikwanyue kwa bisibisi, utavunja mdomo. Kabla ya yote, ichome rafta kwa bisibisi sehemu tatu nne. Ikizama bila taabu kuna mchwa au uozo, na hapo suala la sola lisubiri mbao ibadilishwe.

Kulabu lazima itokee kwenye bonde la kigae, yaani pale maji yanapopita, isitokee juu ya nundu. Hapa wengi hushangaa, wakidhani kwenye maji ndiko patavuja. La. Bondeni ndipo penye nafasi baina ya kigae cha chini na cha juu. Ukiipitisha kwenye nundu, kigae cha juu kitanyanyuka na kubaki kikicheza. Mara nyingi rafta haiko sawa na bonde unalolitaka. Usiilazimishe. Kata kipande cha mbao ya 6 kwa 2, kitie baina ya rafta mbili kikae sawa na migongo yao, ukishike kwa vyuma vya pembe na skrubu pande zote mbili, halafu kulabu ifungwe hapo.

Kila kulabu inataka skrubu mbili za chuma cha pua, milimita 8 kwa 100, na angalau milimita 65 za skrubu ziwe ndani ya mbao yenyewe. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 5 au 5.5, mbao kavu ya miaka ishirini isipotobolewa itapasuka ukingoni. Zile skrubu nyeusi za kufungia jipsam hata usiziguse, hukatika shingo na kushika kutu katika msimu mmoja.

Sasa pahala penye siri ya kazi yote. Ukishafunga kitako, rudisha kigae cha chini na utazame nafasi baina yake na mkono wa kulabu. Iwe milimita 3 hadi 5. Mkono ukigusa kigae, paneli ikikandamizwa na upepo au mtu akiegemea reli (ule mhimili unaolala juu ya kulabu na kubeba paneli), kigae kitapasuka. Kama unagusa, fungua, tia kipande cha plaiwudi ya baharini chini ya kitako, funga tena kwa skrubu ndefu zaidi. Usiridhike kwa sababu "haugusi sana". Chukua kipande cha kadi ngumu, kipitishe chini ya mkono mzima. Kikikwama popote, inua.

Kisha kigae cha juu. Kwa chini kina mdomo unaoinamia kigae cha chini yake, na mdomo huo ndio utakaokutana na mkono wa kulabu. Usage kwa grainda yenye diski ya almasi, pengo la upana wa mkono ukiongeza milimita 5 kila upande, na kina cha kutosha tu kigae kilale mahala pake pa zamani. Unaotakiwa kusagwa ni huo mdomo wa kigae cha juu peke yake. Ule ukingo ulioinuka kichwani mwa kigae cha chini usiuguse hata kidogo, maana ndio unaozuia maji yanayosukumwa na upepo yasipande ndani. Nimetaja hili kwa sababu mafundi wengi husaga vyote viwili ili kazi iende haraka, kisha wanalaumu vigae. Na usagie chini ardhini, si juu ya paa. Vumbi la udongo hubaki kwenye mianya, likinyeshewa linakuwa tope. Vaa barakoa, vumbi lile lina silika.

Ukimaliza, kigae cha juu kilale kama jirani zake. Ukikiona kimenyanyuka hata milimita 5, saga tena. Mwanya huo ukitazama upepo wa Kusi, mvua ya mlazo itaingia.

Usijaze sponji wala silikoni chini ya vigae kuzunguka kulabu. Paa la vigae halizuii maji kwa kuzibwa. Linazuia kwa sababu kila kigae kimemlalia mwenzake na maji hayana pa kusimama. Ukiziba umejenga bwawa dogo, na kwako ambako hakuna karatasi chini, maji yake yatashukia dari moja kwa moja.

---

Baharia wa Mayungu

Mimi naona mnajichosha. Toa vigae vyote vilivyo chini ya paneli, weka mabati mahali pake, funga miguu ya L juu ya mabati, kwisha kazi. Vigae ulivyotoa unabaki navyo kama akiba, na paa linapungua uzito.

---

Fundi Vigae

Baharia, njia hiyo ipo na haina ubaya ikifanywa sawasawa, na hiyo ya akiba ni faida kweli. Tatizo ni maungio. Bati lazima liingie chini ya vigae vya juu kwa sentimita 15 au zaidi, litokee juu ya vigae vya chini, na pande za kushoto na kulia ziwe na mkunjo ulioinuka wa kubeba maji, kama mfereji. Hayo ni mabati ya kukunjwa na fundi bati, si shiti ya dukani. Na mita 300 kutoka baharini bati la kawaida lenye zinki nyembamba litaanza kutoboka kwenye skrubu zamani sana kabla ya paneli kuchoka. Ukienda njia hiyo tumia alumini. Mimi ningeifuata tu endapo vigae ni vibovu kiasi cha kuvunjika kila ukivigusa.

---

Jua Kali Sola

Naunga mkono hoja ya kulabu. Nije kwenye hesabu, maana "zinatakiwa ngapi" hakijajibiwa.

Paneli ya wati 550 ya kawaida ina urefu wa milimita 2278, upana 1134, na uzito wa kilo 28 hivi. Sita zikisimama wima katika safu moja: 6 mara 1134, ongeza nafasi 5 za milimita 20 kwa klampu za kati (vishikizo vya kubana paneli kwenye reli), ongeza kidogo kwenye ncha, unapata karibu mita 7. Reli mbili, kila moja mita 7.

Uzito usikuogopeshe. Paneli sita na reli zake hazifiki kilo 15 kwa kila mita ya mraba, na vigae vyenyewe vina uzito mara tatu ya huo. Adui ni upepo wa kunyanyua. Chukua upepo wa mita 30 kwa sekunde, karibu kilomita 108 kwa saa. Mkandamizo wake ni kama paskali 550. Paneli moja ina eneo la mita za mraba 2.58, kwa hiyo inavutwa kwa nguvu ya nyutoni 1,400, yaani kama mtu anainyanyua kilo 140 wakati yenyewe ina 28. Hiyo ni hesabu ya juu juu tu; kwenye pembe za paa nguvu hupanda zaidi.

Rafta zako ziko kila sentimita 60. Katikati ya safu tumia rafta moja uruke moja, yaani kila mita 1.2. Kwenye ncha mbili za safu usiruke, funga kila rafta. Ukipima kutoka rafta ya kwanza kulabu zikae 0, 0.6, 1.8, 3.0, 4.2, 5.4, 6.0 na 6.6. Hizo ni 8 kwa kila reli, 16 kwa zote. Nunua 18. Reli itatokeza sentimita 20 kila upande baada ya kulabu ya mwisho, ni sawa. Ikizidi 40 inaanza kuyumba.

Umbali baina ya reli mbili: watengenezaji wengi wanataka klampu zishike paneli kwenye eneo la robo hadi moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha, kwa hii yako sentimita 46 hadi 57. Mistari ya vigae vya Mangalore huwa karibu sentimita 32 kutoka upau hadi upau, na kulabu hutokea mwisho wa mstari tu, huwezi kuchagua katikati. Mistari minne ni mita 1.28. Toa hiyo kwenye 2.278, gawanya kwa mbili, unabaki na sentimita 50 kila upande. Inaangukia pazuri kabisa. Lakini pima pau zako kabla ya kununua, mafundi wa zamani hawakuwa na desimali.

Vingine: klampu za mwisho 4, za kati 10, viungo vya reli 2 kama reli zinakuja kwa vipande. Kiungo kikae karibu na kulabu, si katikati ya nafasi mbili. Reli za alumini ya mita 7 hurefuka milimita 6 hivi baina ya alfajiri na saa nane mchana, kwa hiyo ncha isigote ukuta wala bomba.

Kuhusu kutu. Hilo bapa lililopakwa rangi ya fedha ni chuma cha kawaida, na mahali ulipo lisikaribie. Chuma cha pua kiko cha namna nyingi: kile cha A2, ambacho wengine hukiita 304, kitaota madoa ya kahawia karibu na bahari; wewe agiza A4, yaani 316, kwa kulabu, skrubu, bolti na nati. Bei ni kubwa zaidi, najua. Paneli zenyewe ziwe zimepimwa kwa ukungu wa chumvi, kipimo kinaitwa IEC 61701, kimeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya paneli. Bolti za chuma cha pua zina tabia ya kung'ang'ana zikikazwa kwa kasi kwa drili, unajikuta unaikata kwa grainda. Zipake grisi maalum ya nyuzi za bolti, kaza kwa mkono, umalizie kwa spana yenye kipimo. Klampu nyingi zinataka kati ya Nm 10 na 16. Fuata karatasi ya mwenye reli, wala usikisie. Fundi anayekaza mpaka mkono umuume hukunja fremu, na kioo kinapasuka baadaye bila kuguswa na mtu.

Upande: weka magharibi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili mpaka Septemba, na Kaskazi kutoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba mpaka Machi. Pepo zote mbili zinapiga upande wako wa bahari, na mvua ya masika inakuja na Kusi. Malindi iko kama digrii 3 kusini mwa ikweta, jua linapita karibu utosini, hivyo tofauti ya mashariki na magharibi kwenye umeme ni ndogo.

---

Mwana wa Barani

Hapo kwa upande nina neno. Kweli mvua ya mlazo itapiga mashariki, kwa hiyo kwa uvujaji magharibi ni salama zaidi. Lakini usiseme upepo hauko magharibi. Upepo ukipanda paa kwa upande wa bahari na kuruka mgongo, nyuma yake unaacha mvuto, na mvuto huo ni mkali hasa karibu na mgongo wa paa upande wa pili. Paneli zikiwekwa zikigusa kofia za mgongo ndizo zinazong'oka. Acha angalau sentimita 50 kutoka mgongoni, 30 hadi 50 kutoka ukingo wa kando, na upenuni usizidishe paneli nje ya mstari wa gata, maji ya mvua kubwa yataruka juu ya gata na kumwagika kwenye kuta.

Na mivinje. Huko Casuarina iko tele, na majani yake yale membamba kama sindano huingia chini ya paneli, yanajikusanya nyuma ya kila kulabu, yanashika unyevu, maji yanageuza njia na kuingia pembeni ya kigae. Kulabu nzuri iliyofungwa vizuri huvuja hivi. Paneli iwe na nafasi ya sentimita 10 hadi 12 juu ya vigae, hewa ipite na mtu aweze kuingiza ufagio mrefu. Weka wavu kuzunguka ukingo, hata kunguru hawatajenga humo. Safisha kabla ya masika na kabla ya vuli.

Ukiziosha paneli tumia maji ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya Malindi maji yake ni ya chumvi. Yakikauka kwenye kioo yanaacha ukoko mweupe.

---

Jua Kali Sola

Sahihi kuhusu mgongo, nilifupisha mno. Sentimita 50 nakubali.

---

Bi Nyaya

Habari zenu. Nyaya hamjazigusa na ndizo zinazovujisha nyumba nyingi kuliko kulabu.

Ndugu wa Casuarina, kigae kisitobolewe kwa ajili ya waya. Njia rahisi kuliko zote ni kuteremsha nyaya kwenye bomba kando ya reli mpaka upenuni, ziingie ndani kupitia ubao wa chini ya upenu, mahali ambapo mvua haifiki. Waya uachiwe pinda la kuning'inia kabla ya kuingia, kama herufi U, tone la maji lidondoke hapo badala ya kufuata waya ndani. Kama lazima zipite paani, zipite kama kulabu: chini ya mdomo wa kigae cha juu, kwenye pengo dogo lililosagwa, zikipanda kuelekea mgongoni zikiwa ndani. Mahali pa kupita pasiachwe na ukingo mkali, na waya uvikwe kipande cha bomba laini. Kigae kikikalia waya, mtikisiko wa miezi michache unakata ganda lake. Dalili yake ni hii: inverta inalia hitilafu ya insulesheni kila mvua ikinyesha na asubuhi yenye umande, halafu ikikauka inakaa kimya. Watu hubadilisha inverta mbili kabla ya kupanda paani.

Paneli sita mfululizo, kila moja ikiwa na karibu volti 50 bila mzigo, ni volti 300 za mkondo wa moja kwa moja (DC). Hiyo inaua, na haizimiki kwa sababu jua halizimiki. Inverta nyingi za kilowati 5 huvumilia mpaka 450 au 500, soma ya kwako. Waya wa sola wenye maganda mawili, milimita za mraba 6, unatosha na kubaki. Viungo vya MC4, vile vya kuunganishia nyaya za paneli, vya kiume na kike viwe vya mtengenezaji mmoja, vibanwe kwa koleo lake. Vya mchanganyiko hupata joto, vinayeyuka, na vikiyeyuka viko sentimita kumi juu ya mbao kavu. Vifungwe kwenye reli kwa klipu za chuma cha pua, visilale juu ya vigae kwenye njia ya maji.

Weka swichi ya kukata DC, na kinga ya radi karibu na inverta. Fremu na reli zote ziungwe kwenye ardhi kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 6 au zaidi. Lakini shaba tupu isigusane na alumini. Kwa hewa ya chumvi alumini italika mpaka kiungo kiwe unga mweupe. Tumia kishikio cha shaba kilichopakwa bati, na washa ya chuma cha pua katikati.

Na fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ya daraja linaloruhusu mfumo wenye inverta na betri. Mwombe akuonyeshe, si aibu.

---

Mwamu

Nami nisaidiwe kwa ufupi. Niko Amu (Lamu), nyumba ya mawe mjini, juu kuna sehemu tambarare na sehemu ya makuti. Kulabu hizi zaweza kwenda makuti?

---

Bi Nyaya

La, na usimruhusu mtu. Makuti na kiungo kilichopata moto havikai pamoja, na fito hazina pa kushika kulabu dhidi ya upepo. Weka kwenye tambarare, kwa fremu ya alumini iliyokalia vitalu vya zege bila kutoboa sakafu, mbali na makuti. Uzito wa vitalu upimwe kwanza na anayejua hizo boriti za mikoko zimebaki na nguvu kiasi gani, kwa sababu zege ya kuzuia upepo ni nzito kuliko paneli. Elekeza kaskazini kwa digrii 10, hata vumbi litajiosha na mvua. Na kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, pitia kwanza kwa watu wa makumbusho kabla hujaweka kitu kinachoonekana kutoka barabarani au baharini.

---

Mkaazi wa Casuarina

Ahsanteni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Yamebaki mawili. Watu watatu wakipanda juu ya vigae vya miaka ishirini na kitu, si watavivunja vyote? Na nitajuaje kazi ni nzuri kabla sijamlipa fundi, maana masika bado yako mbali?

---

Fundi Vigae

Kuvunjika kutakuwepo, ni suala la vingapi. Tafuta akiba ya vigae 20 kabla kazi haijaanza, na uhakikishe vimefumana na vyako. Vigae vya viwanda viwili tofauti, hata vyote viitwe Mangalore, mifereji yake hupishana milimita chache, na milimita hizo ndizo mlango wa maji. Chukua kigae kimoja chako uende nacho dukani au kwa mtu anayebomoa nyumba, ujaribishe palepale.

Mguu ukanyage theluthi ya chini ya kigae, pale kinapomlalia mwenzake na chini yake kuna upau. Katikati pana uwazi, ndipo hupasuka. Usikanyage asubuhi vigae vikiwa na umande, kuvu yake huteleza. Bora zaidi tumia ngazi ya paa yenye kulabu za kushika mgongoni, chini yake mtie magunia yaliyojazwa pumba za randa, uzito usambae. Kamba ya usalama kwa kila aliye juu. Paneli zipandishwe na watu wawili, na siku ya upepo zisipandishwe kabisa. Paneli ya mita mbili na robo ikishika Kusi humchukua aliyeishika. Kama waweza kuchagua, fanya Januari au Februari, miezi mikavu. Mtu asizikanyage kulabu kama ngazi, hata zikionekana imara. Hapo ndipo ile nafasi ya milimita 3 huisha, na kigae kinapasuka siku ya kwanza ya kazi.

Sasa jaribio. Lifanywe kulabu zikiwa zimefungwa na vigae vimerudishwa, lakini reli na paneli BADO. Ukisubiri paneli zipande, kurekebisha kulabu moja ni kufungua nusu ya kazi. Mtu mmoja aingie darini na tochi, awe na chaki. Mwingine apande na mpira wa maji. Anza na mstari wa chini wa kulabu, mwagia dakika 10 juu yake kidogo, maji yateremke kama mvua, kisha panda mstari wa juu. Ukianza juu, maji yatapita kote na hutajua yameingilia wapi. Baada ya hapo elekeza mpira kutoka pembeni, kwa mlazo, uige mvua ya Kusi. Usipige kwa nguvu kutoka chini kuelekea juu, hakuna paa la vigae litakalostahimili hilo, na fundi atakuwa na haki ya kugoma. Aliye darini aweke alama ya chaki kwenye rafta kila anapoona tone, na atazame hasa kitako cha kila kulabu, maana tone hufuata skrubu.

Pakilowa, mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili: kigae cha juu hakijalala, au kuna kigae chenye ufa ambacho kilikuwa kikivuja tangu zamani. Hilo la pili ulipime kabla fundi hajapanda, kwa mpira uleule, mkiwa nyote wawili. Vinginevyo mtabishana la nani.

Piga picha kila kulabu kabla kigae hakijafunikwa: skrubu mbili zionekane, rafta ionekane, na ile kadi ikiwa imepita chini ya mkono. Picha 16. Fundi asiyekubali kupigwa picha hizo umeshajua.

---

Mwana wa Barani

Ongeza hapo: mkubaliane kwa maandishi kwamba sehemu ya malipo inabaki mpaka jaribio la maji lipite. Na mvua ya kwanza kubwa ikinyesha panda darini na tochi usiku, si siku inayofuata. Mbao ikishakauka huoni kitu.

---

Mkaazi wa Casuarina

Nimepima pau leo jioni. Si 32, ni 31 na nusu, na mstari mmoja karibu na upenu ni 29.

---

Jua Kali Sola

Mara nne ya 31.5 ni mita 1.26, klampu zitakaa sentimita 51 kutoka kila ncha, bado uko ndani. Ule mstari wa 29 uache chini ya reli ya chini, usiutumie kwa kulabu.